Bila turufu moja kulia kwako: uchambuzi wa mgawo mmoja wa briji

Katika briji wanacheza wanne, wawili dhidi ya wawili, na hapa nawaita kwa majina ya dira. Mashariki amegawa karata na kuufungua mnada kwa bila turufu moja, ahadi ya kupata mapigo saba bila aina yoyote kuwa turufu: pointi 15 hadi 17, mkono uliosawazika, yaani usio na aina ndefu sana wala fupi sana. Wewe ni Kusini, na zamu ni yako. Hakuna upande ulio hatarini, yaani adhabu ya mkataba kuanguka ni ile ndogo. Hesabu ni ya jozi, ambapo matokeo yako yanalinganishwa na ya kila jozi nyingine iliyoshika karata hizohizo, na pointi kumi tu zinaweza kukupandisha au kukushusha. Mkononi una hizi:

♠ K Q 9 4
♥ A J 10 7 3
♦ 6
♣ 8 5 2

Utapita, au utaingia mnadani? Na ukiingia, utataja nini?

Mgawo huu nimeupanga mwenyewe kwa ajili ya uchambuzi, ila hali yenyewe inatokea karibu kila jioni ya briji. Nimeuchagua kwa sababu unaonyesha jambo ambalo mijadala ya mapatano, yaani matamko yenye maana maalumu ambayo wenza wamekubaliana, huliruka. Watu hubishana kuhusu tamko la kwanza: wewe unacheza Landy, yule DONT, wale Cappelletti, na kila mmoja ana orodha yake ya maana. Kisha wanakaa mezani wakiwa wamekubaliana jina la mapatano, bila kukubaliana jibu. Kwangu mimi jibu la mwenzako ndilo lenye uzito wote, na mgawo huu unalithibitisha kwa pointi zinazohesabika.

Natumia majina ya karata tuliyoyazoea: shupaza (♠), kopa (♥), uru (♦) na pau (♣), pamoja na ree, mfalme, malkia na ghulamu. Kwenye michoro nimeacha herufi kama zilivyochapwa kwenye karata zenyewe. Pigo ni zile karata nne zinazotupwa mezani, moja kutoka kila mkono. Mchezeshaji ni yule anayeuchezea mkataba, na bubu ni mkono wa mwenzake unaolazwa wazi.

Mikono yote minne ni hii:

Kaskazini
♠ J 7 2
♥ 9 8 4
♦ K 9 4 3
♣ A 9 6

Mashariki
♠ A 8 5
♥ K Q 5
♦ Q 8 7
♣ K Q 7 4

Kusini
♠ K Q 9 4
♥ A J 10 7 3
♦ 6
♣ 8 5 2

Magharibi
♠ 10 6 3
♥ 6 2
♦ A J 10 5 2
♣ J 10 3

Hesabu ya kawaida ni ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Mashariki ana 16, Kusini 10, Kaskazini 8, Magharibi 6. Kwa hiyo Mashariki na Magharibi wana 22 dhidi ya 18 zenu. Wamewazidi, lakini si kwa mbali, na huo ndio mgawo ambao bila turufu moja inauma kuliko yote: pointi zimegawanyika karibu nusu kwa nusu, na anayenyamaza anaachia upande wa pili uchague uwanja.

Tuanze na kupita, kwa sababu wengi wangepita. Watasema: pointi kumi dhidi ya mtu aliyetangaza kumi na tano, nitaingiaje? Magharibi ana pointi sita na naye atapita, Kaskazini atapita, na Mashariki ataicheza bila turufu moja. Anahitaji mapigo saba. Wewe ndiye unayeanzisha, na unatoa ghulamu wa kopa, kama inavyopasa ukiwa na ree, ghulamu na kumi pamoja. Bubu anaweka mbili, Kaskazini nne, Mashariki anakula kwa malkia. Sasa anazitazama uru za bubu, tano zenye ree, ghulamu na kumi, na anatoa malkia wa uru akitumaini mfalme yuko kwako. Hayuko. Kaskazini anamkula kwa mfalme na kurudisha tisa ya kopa. Mashariki akiweka mfalme, unamfunika kwa ree, kisha unavuna kumi, saba na tatu. Mpaka hapo mna mapigo matano: uru moja na kopa nne.

Simama hapo kwanza, kwa sababu uamuzi unaofuata ndio unaogawa meza. Umebaki na shupaza nne na pau tatu. Mnahitaji mapigo mawili zaidi ili mkataba uanguke. Ukitoa pau, Kaskazini atakula kwa ree, na hilo ni pigo la sita. Akirudisha shupaza, Mashariki atakula kwa ree yake na kukimbiza uru nne za bubu, na mwishoni mfalme wa pau aliyemhifadhi atampa pigo la saba. Mkataba umetimia, 90 kwao. Ukitoa mfalme wa shupaza badala yake, hadithi ni nyingine. Mashariki akila kwa ree, uru nne zitampatia jumla ya mapigo sita, na karata mbili za mwisho za Kaskazini ni ree ya pau na ghulamu wa shupaza, zote mbili zenu. Akikataa kula, mfalme wako ni pigo la sita, na sasa pau kwenda kwa ree ni la saba. Kwa vyovyote vile mkataba unaanguka pigo moja na mnapata 50.

Kwa hiyo kupita kunalipa 50, iwapo utaziona karata zilizofichika, na iwapo Kaskazini hatatupa ghulamu wa shupaza wakati kopa na uru zinakimbia. Kosa moja tu, na ni 90 kwenda upande wa pili. Kulinda dhidi ya bila turufu moja ni kazi ngumu kuliko zote katika briji, kwa maana pande zote mbili zina nguvu karibu sawa na mchezeshaji peke yake ndiye anayeona mikono miwili ya upande wake. Siwashangai wanaoshindwa. Nawashangaa wanaoichagua kazi hiyo kwa hiari wakiwa na mkono wa namna hii.

Maana tazama mkono wenyewe. Sababu ya kuingia si pointi zake, ni umbo lake: shupaza nne, kopa tano, uru moja. Mwalimu wa Marekani Mel Colchamiro ana kanuni ya nane ambayo naiona nzuri kwa kuingia moja kwa moja baada ya ufunguzi. Chukua idadi ya karata katika aina zako mbili ndefu, toa mapigo unayotarajia kupoteza, na ukibaki na mbili au zaidi, huku ukiwa na walau pointi sita, ingia. Hapa aina mbili ndefu zina karata tisa. Za kupoteza ni moja kwenye shupaza (ree haipo), mbili kwenye kopa (mfalme na malkia hawapo), moja kwenye uru na tatu kwenye pau, jumla saba. Tisa kutoa saba ni mbili. Ingia. Na angalia jinsi kanuni hiyo inavyokataa mikono ambayo watu huingilia nayo kwa kishindo: pointi 13 zilizosambaa tatu-tatu na nne-tatu hazipiti mtihani, na hazistahili kupita, kwani mkono wa namna hiyo unalinda vizuri na unachezesha vibaya.

Sasa, kuingia kwa tamko gani?

Mapatano ya zamani na mepesi kuliko yote ni ya Alvin Landy, Mmarekani aliyekuwa mtendaji mkuu wa chama cha briji cha Amerika Kaskazini, ACBL. Pau mbili baada ya bila turufu moja ya adui haina uhusiano wowote na pau. Inasema: nina shupaza na kopa, tano kwa nne au zaidi. Ni hayo tu. Matamko mengine ya ngazi ya pili (ahadi ya mapigo manane) yanabaki na maana yake ya asili, na dabo, tamko la kuzidisha thamani ya mkataba wa adui, inabaki kuwa ya kuadhibu.

Kusini anataja pau mbili. Magharibi anapita. Tuhamie kwa Kaskazini.

Ana shupaza tatu na kopa tatu. Anajua mwenzake ana tano za moja na nne za nyingine, au pengine tano kwa tano. Hajui tano ziko wapi. Kama mapatano yao yameishia kwenye sentensi moja, "pau mbili ni shupaza na kopa", Kaskazini ameachwa abahatishe. Wengi katika nafasi hiyo huchagua shupaza, kwa sababu ghulamu wa shupaza ni picha na tisa ya kopa si picha. Ni fikra ya kawaida kabisa. Nayo hapa inagharimu.

Tuicheze shupaza mbili, Kaskazini akiwa mchezeshaji. Turufu ni saba kwa jumla, nne kwa bubu na tatu mkononi. Mashariki anaanzisha kwa mfalme wa pau, Kaskazini anakula kwa ree. Akizitafuta kopa mara moja, atatoa tisa, Mashariki ataweka malkia, bubu ree. Kisha ghulamu wa kopa anamwendea mfalme wa Mashariki. Mashariki sasa anatoa kopa ya tatu, ile tano, na Magharibi aliyekuwa na kopa mbili tu anaikata kwa turufu ndogo. Hesabu za adui: mfalme wa kopa, kopa iliyokatwa, pau mbili, ree ya shupaza, ree ya uru. Sita. Mkataba umeanguka pigo moja.

Akianza kwa kuondoa turufu, Mashariki atashika ree yake mpaka wakati unaomfaa, ataingia na kupiga pau mfululizo, na ile ya nne italazimisha bubu kukata. Turufu za bubu zilikuwa nne tu, kwa hiyo kila inayokata pau ni udhibiti unaopotea, na kopa nzuri za bubu zinabaki bila mlinzi. Hapo pia ni kuanguka, na mara nyingine mapigo mawili badala ya moja. Nimeujaribu mkataba huu kwa mifuatano yote ya kawaida na sijaona unaotimia. Na kumbuka kwamba shupaza za adui zimegawanyika tatu kwa tatu, mgawanyiko unaokuja takriban asilimia 36 tu ya mara ambapo karata sita zimekosekana. Hata bahati hiyo haikutosha.

Sasa tuirudie zamu hiyohiyo ya Kaskazini, ila jozi hii imeongeza mstari mmoja kwenye mapatano yake: uru mbili baada ya pau mbili inamaanisha "shupaza na kopa zangu ni sawa kwa urefu, chagua wewe". Kaskazini anataja uru mbili. Mashariki anapita. Kusini ana kopa tano, anataja kopa mbili. Wote wanapita.

Kopa mbili, Kusini akiwa mchezeshaji, turufu nane. Magharibi anaanzisha kwa ghulamu wa pau, na huo ndio uanzishaji mzuri kuliko yote kwao. Unakula kwa ree ya bubu papo hapo. Kabla ya kugusa karata nyingine, hesabu pointi. Mna 18, adui 22. Mashariki ametangaza 15 hadi 17, kwa hiyo Magharibi ana 5 hadi 7, na ghulamu wa pau ulishauona. Mfalme na malkia wa kopa wote wawili wana kila sababu ya kuwa kwa Mashariki. Kwa hiyo turufu lazima zianzie kwa bubu, zipite mbele ya Mashariki kabla hazijakufikia. Toa tisa ya kopa. Mashariki anaweka malkia, wewe ree. Toa ghulamu, Mashariki anakula kwa mfalme. Anavuna mfalme na malkia wa pau, kisha anapiga pau ya nne. Unaikata kwa saba bila hofu, kwani Magharibi ameshamaliza kopa zake mbili. Kumi ya kopa inaondoa tano ya Mashariki, turufu ya mwisho ya adui. Una tatu ya kopa imebaki.

Sasa mfalme wa shupaza. Mashariki anakula kwa ree na kutoa malkia wa uru, Magharibi anamfunika kwa ree, maana asipofanya hivyo mfalme wa bubu anakula. Hilo ni pigo lao la tano, na la mwisho. Shupaza zinaanguka tatu kwa tatu na zilizobaki zote ni zako. Mapigo manane: kopa nne pamoja na ile iliyokata, shupaza tatu, ree ya pau. Kopa mbili zina thamani ya 60, ziada ya mkataba mdogo ni 50, jumla 110.

Magharibi akianzisha kwa ree ya uru badala ya pau, inakuwa nafuu zaidi kwako. Mfalme wa uru amekwisha kukomaa. Akihamia pau, unakula kwa ree ya bubu, unatoa mfalme wa uru na kutupa pau moja juu yake. Adui wanabaki na ree ya uru, pau moja, ree ya shupaza na mfalme wa kopa. Mapigo tisa, 140.

Weka matokeo pamoja uone uzito wa lile jibu la uru mbili. Wenye 110 wamewashinda waliopita na kulinda kikamilifu, wenye 50. Waliopita wakateleza wamepoteza 90. Na waliotumia mapatano yaleyale ya Landy, kwa tamko lilelile la kwanza, lakini bila jibu la kuuliza, wamepoteza 50 katika shupaza mbili. Tofauti ya 110 na kupoteza 50 imetoka kwa Kaskazini, aliyekuwa na pointi nane na mkono usio na mvuto wowote. Kusini hakufanya lolote tofauti.

Hapo ndipo naipima mifumo mingine, kwa swali moja: je, inamwachia mwenzako nafasi ya kuuliza?

DONT ni ya Marty Bergen, na jina lake ni kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya kuisumbua bila turufu ya adui. Dabo ndani yake ina maana ya aina moja ndefu, pau mbili ni pau na aina nyingine iliyo juu yake, uru mbili ni uru na moja ya zilizo juu, na kopa mbili ni kopa na shupaza. Kusini wetu angetaja kopa mbili, Kaskazini mwenye tatu-tatu angepita, na mngekuwa mahali pale pale pa 110. Je, DONT imefaulu? Kwa mgawo huu, ndiyo. Lakini badilisha shupaza ziwe tano na kopa nne, na tamko ni lilelile kopa mbili, Kaskazini atapita vilevile, na sasa mnachezesha turufu saba huku nane ziko mlango wa pili. Kaskazini hana ngazi ya kuulizia. DONT inanufaisha mahali pengine: inaruhusu kuingia na mikono yenye pau au uru pamoja na aina nyingine, na kubaki chini. Kwa shupaza na kopa, ambazo ndizo zinazolipa zaidi, imejinyima.

Cappelletti, ambayo Wamarekani wengine huiita Hamilton, inaonyesha shupaza na kopa kwa uru mbili. Jibu la chini kabisa baada ya hapo ni kopa mbili, na hilo lenyewe tayari ni uchaguzi. Tatizo ni lilelile. Pau mbili ya Cappelletti ina maana ya aina moja ndefu yoyote, na mwenzako hujibu uru mbili ili kukusikia. Yaani ngazi ya kuuliza imetolewa kwa mkono wenye aina moja, ambao aghalabu hauihitaji, kwani mwenye kopa sita angeweza kutaja kopa mbili moja kwa moja. Sijawahi kuelewa kwa nini mpango huu ulienea kiasi hicho.

Astro, kongwe zaidi ya hizi mbili, ni ya Allinger, Stern na Rosler, na jina lake limeunganishwa kutoka majina yao. Kwa mkono huu Kusini angetaja uru mbili, shupaza na aina nyingine, na safari ya kuzifikia kopa ingekuwa ndefu kuliko inavyohitajika.

Ninayoipendekeza kwa jozi yoyote inayoanza kujipanga ni ile inayoitwa Multi-Landy. Pau mbili ni shupaza na kopa, kama ya Landy mwenyewe, na jibu la uru mbili ni lile la kuomba uchaguzi. Uru mbili ni moja ya shupaza au kopa, ndefu. Kopa mbili ni kopa tano pamoja na pau au uru, na shupaza mbili vivyo hivyo. Mchezaji wa Marekani Kit Woolsey ameiongezea dabo yenye maana ya nne za shupaza au kopa pamoja na ndefu zaidi ya pau au uru, dhidi ya bila turufu yenye nguvu. Mkono wenye aina zote mbili za juu unapata tamko la chini kabisa, na mwenzako anapata nafasi yake. Kwa mpangilio wa thamani, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kuna jambo moja la jibu la uru mbili ambalo lazima lizungumzwe kabla ya kukaa mezani. Kaskazini afanye nini akiwa na uru sita na shupaza moja, kopa moja? Kama uru mbili ni swali, hawezi kuitaja akitumaini kubaki hapo. Baadhi hupita pau mbili wakiwa na pau ndefu, na hiyo ni sawa. Kwa uru ndefu inabidi kukubali hasara: taja uru mbili, sikia jibu, kisha amua kama uru tatu inavumilika. Mkono huo ni nadra. Ule wa tatu-tatu au mbili-mbili unakuja mara kwa mara. Nakubali hasara ya nadra ili nipate faida ya kila jioni. Ila mwenzako naye akubali hivyo hivyo, kwa sauti, kabla ya mchezo. Na wapinzani wana haki ya kujua: pau mbili isiyo pau inatangazwa kwa taratibu za chama mnachochezea, na wakiuliza jibu la uru mbili lina maana gani, wanaelezwa kikamilifu.

Hatujammaliza Magharibi. Ana uru tano na pointi sita, na baada ya kopa mbili zamu inamrudia. Je, aingie na uru tatu? Ana mfungua mnada mwenye nguvu upande wa pili na aina yake ni nzuri. Mwananadharia wa briji wa Ufaransa Jean-René Vernes aliandika mwaka 1969 kwamba jumla ya mapigo ambayo pande mbili zinaweza kupata, kila mmoja kwa turufu yake bora, inakaribiana na jumla ya turufu zao. Mna kopa nane, wana uru nane. Kumi na sita. Ninyi mnapata manane kwa kopa, kwa hiyo wao wanatarajia manane kwa uru, na uru tatu inahitaji tisa. Ichezeshe uone: Kaskazini aliyesikia shupaza za mwenzake anaanzisha kwa mbili ya shupaza, na baada ya hapo adui hawana namna ya kukwepa shupaza mbili, mfalme wa uru, ree ya kopa na ree ya pau. Wao wanabaki na mapigo manane, sawasawa na makadirio ya Vernes. Mnapata 50.

Lakini 50 ni pungufu ya 110. Kwa hiyo Magharibi akithubutu, amewaokoa wenzake pointi 60, na katika hesabu ya jozi hilo si dogo. Ninyi mkienda kopa tatu mtaanguka mkianzishiwa pau, kwa hiyo msiende: uru tatu ipiteni na muilinde. Kaskazini mwenye kopa tatu asishawishike na kwamba "tuna nane". Nane zinatosha ngazi ya pili. Ngazi ya tatu inataka tisa.

Na kama bila turufu ya Mashariki ni dhaifu, 12 hadi 14, kama inavyochezwa na wafuasi wa Acol, mfumo wa Uingereza uliopata jina lake kutoka barabara ya Acol Road jijini London? Mkono wetu wa Kusini hautikisiki: pau mbili ileile, uru mbili ileile, kopa mbili ileile. Kinachobadilika ni dabo. Dhidi ya 15 hadi 17, mkono wa kumwadhibu mfunguaji kwa pointi peke yake ni adimu, na unaweza kuipa dabo kazi nyingine kama ya Woolsey bila kujuta. Dhidi ya 12 hadi 14, mikono ya pointi 15 au 16 inakuja mara nyingi, na ukikosa dabo ya kuadhibu unalazimika kupita ukiwa na mchezo mzima mkononi. Hapo DONT inaumiza zaidi, kwani imeichukua dabo kwa kazi ya aina moja ndefu. Jozi inayokutana na wapinzani wa mitindo yote miwili iandike mistari miwili kwenye kadi yake ya mapatano: dhidi ya yenye nguvu, dabo ni nne na ndefu, dhidi ya dhaifu, dabo ni pointi, na mwenzako apite akiwa na mkono uliosawazika. Pau mbili na jibu lake vibaki vilivyo kwenye mistari yote miwili.